Kitabu Safi cha Hallowby Road

Mjomba wangu Kalisti, kaka wa mama yangu, alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja, na hata baada ya kuhamia kwangu Lanham, Marekani, aliendelea kuishi kama mtu anayengoja mkaguzi. Alinyoa ndevu kabla ya chai. Alipiga pasi suruali za kushindia nyumbani. Nikirudi kutoka kazini hospitali, miguu inaniwaka moto, badala ya kunipa pole ananitangazia kwamba nimeingia saa kumi na mbili na dakika tisa. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi Flaviana si treni. Alicheka, na kesho yake akanitangazia tena.

Alizaliwa Kilema, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, akaingia reli mwaka 1962 akiwa na miaka ishirini. Alianza dirishani kwenye tiketi, akasomea ishara na kengele, akapanda hadi kuwa stesheni masta wa Lukondo, stesheni ndogo kwenye njia ya tawi. Sifa moja ilimtangulia kila alikohamishiwa: kitabu chake cha treni, kinachoandikwa saa za kila treni, kilikuwa safi kuliko vyote. Hakuna doa la wino, hakuna neno lililokatwa. Wakaguzi walikichukua wakaenda kuwaonyesha wenzake. Habari hiyo alitusimulia tangu tukiwa wadogo, nami nilidhani ndiyo habari yote ya maisha yake. Mwaka 1993 akapunguzwa kazi, mwaka uliofuata mkewe akafariki, kisha jina lake likatoka kwenye bahati nasibu ya green card na nikamleta Maryland.

Sasa niseme jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua hadi wiki ninayoisimulia, ili msomaji asitembee gizani kama nilivyotembea mimi. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili haziruhusiwi kuwa kati ya stesheni mbili kwa wakati mmoja. Treni ikiingia, stesheni masta hana budi kusimama aitazame hadi behewa la mwisho, aione taa ya mkia. Taa ikiwepo, treni yote imefika na njia ni tupu. Isipokuwepo, kuna mabehewa yamekatika na kubaki nyuma. Akishaiona ndipo anaandika kitabuni, na ndipo anamruhusu mwenzake wa stesheni ya nyuma alete treni nyingine. Mei 1984, treni ya mizigo ilipoingia Lukondo, mjomba hakuinuka kitini. Alikuwa ameshaandika. Alikuwa na tabia ya kuandika kabla, kwa kuwa treni ile haikuwa na kawaida ya kukatika, na kwa kuwa mtu akiandika amekaa, mkono umetulia, kitabu kinakuwa safi. Siku hiyo mabehewa mawili yalibaki kwenye kona. Treni iliyofuata iliyagonga, na msaidizi wa dereva akapoteza mguu.

Kwenye uchunguzi mjomba alisema kwamba pointsmani wake, mtu wa kugeuza njia za reli pale nje, alimwinulia mkono kuonyesha kwamba taa ameiona. Pointsmani huyo aliitwa Elkanah. Elkanah hakukumbuka kuinua mkono, lakini alimheshimu sana bosi wake, na bosi alikuwa na kitabu safi. Akafukuzwa kazi, akarudi kwao Mara na watoto sita. Mjomba alipewa onyo na uhamisho.

Mmoja wa wale watoto sita ni Ghati. Dunia ni ndogo kuliko tunavyopenda. Mwaka 1996 tulikutana naye kwenye harusi ya Watanzania katika mji wa Falls Church, Virginia, msichana mrefu mcheshi, anasomea kompyuta na kufanya kazi dukani. Alipojua mjomba ni nani alimshika mikono yote miwili. Baba yake, alisema, hutaja jina la stesheni masta wake kama mtu anavyolitaja jina la mwalimu aliyemfunza kusoma. Tangu siku hiyo akamwita baba mdogo, na kila mwezi alikuja Lanham na kuku wake wa kuchoma. Mjomba alikuwa hali kuku huyo. Mimi nilidhani ni meno.

Oktoba 1998 Ghati akatuambia anakwenda nyumbani Jumamosi ya wiki ile, mara ya kwanza baada ya miaka sita, kwa sababu kifua cha baba yake kilikuwa kimezidi. Mjomba akaenda kununua sweta la sufu la kumpelekea Elkanah. Kesho yake akanunua la pili. Keshokutwa yake akaleta viatu. Nilimuuliza kama huyo mzee ni mmoja au ni kwaya, akanijibu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Kazi ya mjomba nilimtafutia mimi. Alikuwa akimlea Mzee Dunstan Pell huko Gaithersburg, Mwingereza wa miaka themanini na minne aliyeletwa Marekani na binti yake baada ya macho kumwishia. Walezi watatu walikuwa wamemshindwa. Mjomba alipoingia siku ya kwanza aliona ukutani picha ya stesheni ndogo ya matofali, akauliza tokeni yao, kile kibali anachokabidhiwa dereva kabla ya kuingia njia moja, ilikuwa ya fimbo au ya sahani. Yule mzee akageuza uso, akamwambia avute kiti. Kumbe reli yetu na ya kwao zililelewa na kitabu kimoja cha sheria. Kengele za kuitana stesheni kwa stesheni ni zile zile, safu za kitabu ni zile zile. Nilipokwenda kumchukua jioni niliwakuta wakigonga vikombe kwa vijiko, mmoja anaita treni, mwingine anaipokea, wanacheka peke yao. Siku za jua mjomba alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi stesheni ya Gaithersburg, akawa anamhesabia mabehewa ya mizigo yanayopita.

Stesheni ya picha iliitwa Hallowby Road, huko Uingereza, na Mzee Dunstan alikuwa mtu wa ishara pale, mwenye kuruhusu treni na kuandika kitabu, kwa miaka kumi na minane. Mwaka ule ilikuwa inatimiza miaka mia moja na ishirini na tano tangu kufunguliwa, ingawa ilishafungwa zamani, na wanakijiji walimwomba aandike historia yake wachape kijitabu. Binti yake aliandika kwenye kompyuta aliyoyasema baba, kisha mjomba akayasoma kwa sauti ili mzee asahihishe. Mimi nilisikia vipande vyake nikingoja mlangoni na koti langu.

Stesheni ilijengwa mwaka 1873, maili mbili kutoka kijijini, kwa sababu tajiri aliyetoa ardhi alitaka treni isimame karibu na kwake na wanakijiji watembee. Matajiri ni wale wale. Ilisafirisha maziwa, kondoo na njegere. Mwaka 1914 vijana kumi na tisa walipanda pale kwenda vitani, na karani wa tiketi alihifadhi majina yao kwenye kopo la chai. Mwaka 1947 theluji iliifunga treni siku tatu na abiria wakalala kwenye chumba cha kungojea, wakila njegere za magunia. Kisha yakaja malori na magari, abiria wakapungua hadi wanne kwa siku, na mwaka 1964 serikali ikaifunga. Siku ya mwisho watu waliokuwa hawajapanda treni miaka kumi walijaa jukwaani wakilia. Reli zikang'olewa. Sasa ni nyumba ya mtu, na jukwaa limepangwa vyungu vya maua.

Sura moja ilikuwa ya ajali. Novemba 1951, asubuhi ya ukungu, treni ya maziwa ilikatika na mabehewa yakabaki nyuma. Njia ikatangazwa kuwa tupu, treni iliyofuata ikaja, na gadi, msimamizi wa treni aliyekuwa kwenye behewa la mwisho la yale yaliyobaki, akafa. Kijitabu kilisema kosa lilikuwa la mpagazi wa stesheni, aliyemwinulia mkono mtu wa ishara akionyesha kwamba taa ipo. Mpagazi huyo alihama kijijini mwaka huo huo, ila wajukuu wake bado wako huko.

Jumatatu ya wiki ile ile ya safari ya Ghati, mjomba alisoma sura hiyo. Aliniambia baadaye kwamba sauti ilimkatika katikati akasingizia mafua. Mzee Dunstan akamtuma achukue sanduku chini ya kitanda, kwa maana ndani yake kulikuwa na kitabu cha treni cha mwaka ule, aliokoa kimoja tu siku ya kufungwa, na alitaka saa ya ajali iandikwe barabara. Mjomba akakifungua. Kilikuwa kisafi kabisa. Akapitisha kidole kwenye safu, na mwezi mzima, kila asubuhi, kati ya treni ya maziwa kufika na njia kuandikwa tupu zilikuwa dakika mbili. Si moja, si tatu. Treni ya kweli haina adabu hiyo. Siku moja ni ndefu, siku nyingine dereva anasimama mbali, siku nyingine mvua inakuzuia kuona mkia upesi, na kitabu cha mtu anayetazama hujaa tarakimu za ovyo na doa la wino. Mjomba alikuwa anasoma kitabu chake mwenyewe.

Siku mbili alikaa na jambo hilo moyoni. Usingizi haukumjia, na njia nzima ya Beltway, ile barabara kuu tunayorudia nyumbani, hakutangaza saa hata mara moja. Jumatano nilipofika kumchukua nilimkuta amesimama mbele ya Mzee Dunstan, kitabu mkononi, na binti wa mzee yuko jikoni. Mjomba aliongea Kiingereza chake cha reli, polepole. Alisema dakika ni mbili kila siku. Alisema mtu anayetazama taa hawezi kupata mbili kila siku.

Mzee Dunstan aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti.

"Wakaguzi watatu walikisoma kitabu hicho," alisema. "Hakuna aliyeona. Wewe umeonaje?"

"Nimeona kwa sababu na mimi niliandika hivyo," mjomba akasema. "Na mimi nilimtaja mtu."

Nilisimama pale na funguo za gari mkononi, nisielewe ninachosikia. Mjomba akaendelea. Alimwomba abadilishe ukurasa ule kabla haujapelekwa, kwa ajili ya wale wajukuu. Mzee Dunstan akauliza kwa nini, wakati mpagazi amekufa, gadi amekufa, wakaguzi wamekufa, na stesheni yenyewe haipo. Mjomba akasema Mzee Dunstan mwenyewe bado yupo. Hapo Mwingereza akapandisha sauti kumwita binti yake, akamwambia aipigie simu ajensi ya walezi, huyu mtu asirudi tena nyumbani kwake, na ukurasa uende kama ulivyo. Binti alituangalia bila kuelewa. Mjomba akakirudisha kitabu ndani ya sanduku, akalisukuma chini ya kitanda, akamwekea mzee maji karibu na mkono, akatoka.

Ndani ya gari nilimlipukia. Sitaficha, mimi nina hasira za haraka, na barabara ya I-270 ilikuwa imejaa magari.

"Mjomba, hii kazi nimekutafutia kwa connection zangu mwenyewe. Sasa wame-call agency, umefukuzwa, na kisa ni kitabu cha stesheni iliyokufa hata mimi sijazaliwa? Mambo ya Wazungu yanakuhusu nini?"

Tukaipita njia ya kutokea Rockville. Kisha akanisimulia yote, kuanzia treni ya mizigo ya Lukondo hadi mkono wa Elkanah, akitazama mbele kama anayesoma vibao vya barabarani. Nilipunguza mwendo, watu wakanipigia honi. Nilifikiria kuku wa Ghati. Nilifikiria masweta mawili na viatu, nikaona aibu kwa niaba yake, kwa sababu la kuvunda halina ubani, na yeye alikuwa amenunua ubani wa kilo tano.

"Nimemwona mtu wa miaka themanini na minne," akasema, "haoni, hatembei, na bado analinda ukurasa mmoja. Mimi nina hamsini na sita. Nina safari ndefu ya kulinda."

Nilimuuliza atafanya nini. Akasema Ghati atakuja Jumamosi kuchukua mzigo.

Alhamisi na Ijumaa alishinda mezani akiandika barua. Aliandika, akakata, akaanza upya. Kapu la takataka lilijaa. Mimi nilikwenda kazini nikarudi, na kila nikifungua mlango nilitamani anitangazie saa, lakini hakuinua kichwa. Kusema kweli niliogopa. Nilimpenda Ghati, na nilijua baada ya Jumamosi hatakuwa na sababu ya kukanyaga kwetu tena. Ijumaa nilimwambia mjomba kwamba anaweza kumwambia Elkanah baadaye, akishapona kifua, na kwamba habari kama hii inaweza kumuua mgonjwa. Nilijisikia ninaongea kama Mzee Dunstan. Mjomba akaomba karatasi nyingine.

Ghati alifika Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, mbio mbio, masanduku ya watu yamejaa kwenye gari lake. Si unajua safari ya nyumbani, kila Mtanzania wa Virginia na Maryland alikuwa amemletea mfuko. Alisema hakai. Ndege ni jioni, na saa nne ameahidi kupiga simu kwenye duka la jirani kule kwao, ambako baba yake, mama yake na watu wengine watakuwa wanamngoja wasikie anafika siku gani. Mjomba akamwomba akae dakika tano. Akampa barua ikiwa wazi, haijafungwa kwenye bahasha, akamwambia aisome yeye kwanza, kisha aamue kama ataibeba.

Ilikuwa kurasa mbili, na haikuwa safi hata kidogo. Ghati alisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili akakaa. Mimi nilijifanya ninaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mjomba alisimama wima mikono ubavuni, kama kwenye picha yake ya zamani ya sare ya reli.

Ghati akaikunja barua, akaiweka mezani.

"Baba aliuza ng'ombe wote," alisema. "Kaka yangu mkubwa aliacha shule kidato cha pili. Kila Krismasi baba anainua mkono wake, anauangalia, anatuuliza, mtu anaweza kuinua mkono wake na asijue? Tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni utani wa wazee."

Akaisukuma barua upande wa mjomba.

"Sitaibeba," Ghati akasema. "Mimi sio posta. Utamwambia mwenyewe, sasa hivi, nikiwa hapa."

Alitoa kadi ya simu kwenye pochi, akaikwangua kwa ukucha, akabonyeza zile namba nyingi bila kutuangalia. Akasalimia kwa Kikuria, akauliza ni akina nani waliofika, kisha akamkabidhi mjomba simu na kubonyeza kitufe cha spika. Kule kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tulisikia kelele za duka, watu wengi wakicheka, na sauti nyembamba yenye kikohozi.

"Stesheni masta! Ni wewe kweli? Shikamoo, mzee wangu."

Elkanah anamzidi mjomba miaka minne. Mjomba alifumba macho. Hakuipokea ile shikamoo.

"Elkanah, siku ile ya ajali sikutoka nje," alisema. "Niliandika kabla. Sikuangalia taa, wala sikukuangalia wewe. Hata kama ungeinua mikono yote miwili nisingeiona. Nilisema uongo, na wewe ukafukuzwa kwa uongo wangu."

Kelele za duka ziliendelea kidogo, kisha zikapungua. Kikohozi kilikuja kikaenda.

"Kwa hiyo mkono wangu hukuuona," Elkanah akasema.

"Sikuuona."

"Haukuwepo kwenye macho yako kabisa."

"Kabisa, ndugu yangu. Nilikuwa nimekaa."

"Sema tena."

Mjomba akasema tena, yote, tangu mwanzo. Safari hii machozi yakamtoka, lakini hakuruka kitu. Nilimngoja Elkanah atukane. Ningekuwa mimi ningetukana hadi kadi iishe. Badala yake tukamsikia akivuta pumzi kwa shida, kisha akiongea na mtu pembeni.

"Ngoja," akarudi kusema. "Ngoja nimpe mama Ghati. Mwambie na yeye, kama ulivyoniambia mimi."

Mama Ghati akapokea, na mjomba akamwambia. Tukasikia simu ikibadilisha mikono. Akaja kaka mkubwa, yule wa kidato cha pili, na mjomba akamwambia. Akaja mwenye duka. Akaja jirani mmoja mwenye sauti nzito, aliyesema yeye ndiye aliyenunua wale ng'ombe. Kila mmoja aliuliza swali lile lile, kama aliuona mkono, na kwa kila mmoja mjomba alianza mwanzo: sikutoka nje, niliandika kabla. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilimsogezea kiti, akakataa kukaa.

Katikati ya maneno, sauti ya mashine ikaingia kusema dakika zimekwisha, na simu ikakatika. Mjomba aliweka simu chini taratibu, akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama Ghati kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda.

Ghati alifungua pochi yake, akatoa kadi nyingine, akaanza kuikwangua.

"Bado mchungaji," alisema, "na mashemeji wa baba. Wamekaa kwenye benchi wanangoja."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaunyoosha mkono kuipokea simu.